Zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani hawamo ndani ya gari

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena katika barabara ya Nakuru kuelekea Kericho, nchini Kenya, lilipoteza mwelekeo kwenye njia panda ya Londiani na kuvamia watu na magari yaliyokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki dunia. Miongoni mwao walikuwamo wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa zao, waendesha bodaboda waliokuwa wakingojea abiria, na watu waliokuwa wakipita kwa miguu.

Ajali ile ilitangazwa duniani kote kwa sababu watu wengi walikufa mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Hata hivyo vifo vya aina hiyo hutokea kila siku, mmoja hapa na wawili pale, wala havitangazwi. Kwa mfanyabiashara na msafirishaji anayevusha mizigo mipakani jambo hili haliko mbali. Barabara linayopita lori lake ndiyo hiyo hiyo anayotumia mteja wake, mchukuzi wake wa baiskeli na kijana wa bodaboda anayefikisha mzigo dukani.

Hali ilivyo duniani

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa Desemba 2023, watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021. Huo ni wastani wa watu zaidi ya 3,200 kwa siku. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29.

Kati ya kila watu 100 waliokufa, 23 walikuwa wakienda kwa miguu, 21 walikuwa juu ya pikipiki au bajaji, 6 walikuwa kwenye baiskeli, na 3 kwenye vyombo vidogo kama skuta za umeme. Jumla yao ni 53. Waliokuwa ndani ya magari ya kawaida ya magurudumu manne ni 30.

Aidha, asilimia 92 ya vifo vyote vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina takriban asilimia 60 tu ya magari ya dunia. Bara la Afrika, kwa namna WHO inavyoligawa, lilichangia asilimia 19 ya vifo. Wakati idadi ya vifo duniani ilipungua kwa asilimia 5 kati ya mwaka 2010 na 2021, barani Afrika iliongezeka kwa asilimia 17.

Nchini Kenya, zaidi ya watu 4,000 walikufa barabarani kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, na kundi kubwa kuliko yote ni waenda kwa miguu. Nchini Uganda, polisi waliandikisha vifo zaidi ya 5,000 mwaka 2024, na huko waenda kwa miguu na watumiaji wa pikipiki ndio wanaoongoza.

Mtu anaweza kudhani sababu ni udereva mbaya peke yake. Ukweli ni mpana zaidi. Katika barabara kuu za ukanda huu, ziwe zile zinazotoka Mombasa kupitia Malaba au zile zinazotoka Dar es Salaam kwenda Rusumo na Tunduma, miji mingi midogo imezaliwa na malori yenyewe. Lori linaposimama, mama lishe anaweka jiko, fundi wa matairi anafungua banda, na muuza mahindi ya kuchoma anakaa karibu na lami ili aonekane. Biashara inawavuta watu kwenye barabara iliyojengwa kwa ajili ya mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kwa hiyo mahali penye fedha nyingi ndipo pia penye hatari kubwa.

Hesabu ya mwendo

Aliyemo ndani ya gari ana bodi la chuma, mkanda na pengine mfuko wa hewa. Aliye nje hana kitu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari inaruhusu lori na mzigo wake kufikia tani 56. Mtu na baiskeli yake yenye gunia la viazi hawafiki hata robo ya tani. Wakikutana, matokeo yanategemea kitu kimoja tu ambacho dereva anaweza kukibadilisha papo hapo, nacho ni mwendo.

Nguvu ya pigo haiongezeki sawa na mwendo. Inaongezeka kwa kipeo cha pili. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nguvu zaidi ya mara mbili na nusu kuliko lilipokuwa likienda 50. WHO inaeleza kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4.

Chukua mfano wa lori lenye breki nzuri, kwenye lami kavu, na dereva aliye macho anayetumia sekunde moja kabla ya kukanyaga breki. Mtoto anatokea mita 35 mbele yake. Lori likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, litasimama baada ya mita 33 hivi, na mtoto atapona. Likiwa katika mwendo wa 80, linahitaji takriban mita 70. Katika ile sekunde ya kwanza pekee limekwishakula mita 22. Litamfikia mtoto likiwa bado na mwendo unaokaribia kilomita 70 kwa saa. Lami ikiwa na maji, mzigo ukizidi, au breki zikiwa zimepata moto kwenye mteremko, umbali huo unarefuka zaidi.

Dakika 22 zina thamani gani?

Wasafirishaji wengi husema kwamba kupunguza mwendo ni kupoteza fedha. Hoja hiyo inastahili kupimwa kwa hesabu.

Mji mdogo ulioenea kilomita 5 kando ya barabara unavukwa kwa dakika 6 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi nchini Kenya na Tanzania. Kwa mwendo wa 80, mji huo unavukwa kwa dakika 3 na sekunde 45. Kinachookolewa ni dakika 2 na robo. Safari ikiwa na miji kumi ya namna hiyo, dereva aliyekimbia kote atakuwa mbele kwa dakika 22 na nusu.

Muda huo unaweza kumezwa na foleni moja ya mizani, au na karatasi moja iliyokosewa kwa wakala wa forodha. Lori lililofika mpakani dakika 22 mapema mara nyingi linakuta foleni ile ile, na madereva wale wale waliokuja polepole wanakuja kupanga nyuma yake. Kwa upande wa pili wa mizania kuna maisha ya mtu, gari kuzuiliwa kituoni, na mzigo wa watu kukaa njiani.

Wanauchumi wana maelezo ya kwa nini hesabu hii haifanywi. Anayepata faida ya haraka ni mmoja, na anayebeba hatari ni mwingine. Dereva anayelipwa kwa safari anapata dakika zake, tajiri wa gari anapata mzunguko wa haraka, na muuza ndizi aliye kando ya lami, ambaye hakuulizwa, ndiye anayelipa. Utaratibu wa malipo ukiwa ni "safari nyingi, posho nyingi", mwenye gari anakuwa amenunua mwendo kasi bila kuutamka.

Upande ambao dereva hauoni

Si kila anayegongwa na lori hugongwa kwa mwendo kasi. Wengi huumia lori likianza kuondoka au likikata kona, kwa sababu dereva hakuwaona kabisa. Kabini iko juu, na kuna maeneo mbele ya bampa na ubavuni ambayo vioo havifikii.

Mjini London, Uingereza, takwimu za mamlaka ya usafiri za mwaka 2015 hadi 2017 zilionyesha kwamba malori yalihusika katika asilimia 63 ya vifo vya waendesha baiskeli na asilimia 25 ya vifo vya waenda kwa miguu, ingawa yalikuwa asilimia 4 tu ya mwendo wote wa magari mjini humo. Kuanzia mwaka 2021, lori lenye uzito wa zaidi ya tani 12 haliruhusiwi kuingia London bila kibali kinachozingatia kiasi ambacho dereva anaweza kuona kutoka kabini. Masharti hayo yaliongezwa makali Oktoba 2024. Umoja wa Ulaya nao, tangu Julai 2024, unataka kila lori jipya linalouzwa humo liwe na vifaa vya kumwonya dereva kuhusu mtu aliye mbele au ubavuni.

Malori mengi ya Afrika Mashariki ni ya zamani na hayana vifaa hivyo. Tena ukanda huu una tatizo lake la ziada, nalo ni kubadili upande wa barabara. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha kulia. Lori linalotoka Dar es Salaam hubadili upande Rusumo au Kabanga. Linalotoka Mombasa kupitia Kampala hubadili Gatuna, na linalotoka Zambia hubadili Kasumbalesa.

Usukani haubadiliki. Dereva wa Tanzania amekaa kulia, karibu na katikati ya barabara, na upande wake mgumu kuuona ni kushoto, kando ya lami, anakopita mwendesha baiskeli. Akishavuka kuingia Rwanda, dereva huyo sasa yuko karibu na ukingo wa barabara, na upande asiouona umehamia katikati, wanakotokea waendesha pikipiki wanaompita. Akitaka kumpita mwendesha baiskeli aliye mbele yake, inambidi alitoe lori karibu lote kabla ya kuona kinachokuja. Hapo ndipo utingo, au taniboi kama anavyoitwa Kenya, anakuwa jicho la pili. Utingo aliyelala wakati huo ni hasara.

Anayevuka mpaka kwa miguu naye hubadilishiwa mambo. Tanzania, Kenya na Uganda, mtembeaji hukaa upande wa kulia ili aone magari yanayomjia, na kabla ya kuvuka hutazama kulia kwanza. Rwanda, Burundi na Kongo ni kinyume: hutembea kushoto na hutazama kushoto kwanza. Mchuuzi aliyezoea upande mmoja kwa miaka anaweza kukanyaga lami akiwa ametazama kule ambako gari halitoki.

Pikipiki na helmeti

Neno bodaboda lenyewe ni mtoto wa mpaka. Lilianza na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya vituo vya Kenya na Uganda katika eneo la Busia. Leo pikipiki imechukua nafasi ya baiskeli katika sehemu kubwa ya ukanda, na imeleta ajira pamoja na majeraha.

Hali hii haiko Afrika pekee. Nchini Thailand, karibu robo tatu ya wanaokufa barabarani ni watumiaji wa pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu. Vietnam, nchi nyingine ya pikipiki, ilichukua hatua: tarehe 15 Desemba 2007 ilifanya helmeti kuwa lazima kwa kila dereva na abiria wa pikipiki katika barabara zote, na faini ikaongezwa. Katika muda mfupi wavaaji walizidi asilimia 90. Takwimu zilizokusanywa hospitalini baada ya hapo zilionyesha kwamba uwezekano wa kuumia kichwa ulishuka kwa asilimia 16 na wa kufa kwa asilimia 18. Mapitio ya tafiti nyingi yanakadiria kwamba helmeti hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Kwa waagizaji wa bidhaa kuna jambo la kuangalia hapa. Ganda la plastiki lisilo na povu gumu ndani halizuii pigo, hata likifanana na helmeti ya kweli. Helmeti iliyopimwa kwa kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha. Ya India huwa na alama ya ISI. Mwenye duka anayeagiza katoni za helmeti za bei ya chini ajue kwamba anauza kitu ambacho mnunuzi atakijaribu mara moja tu.

Usiku na magari yaliyoharibika

Giza ni adui mwingine. Mtu mwenye nguo nyeusi, au baiskeli isiyo na taa wala kiakisi mwanga, huonekana wakati umbali wa kusimama umekwisha. Hatari inakwenda pande zote mbili: lori lililoharibika na kuachwa barabarani bila taa limewaua waendesha pikipiki wengi waliolivaa kwa nyuma. Desturi ya kukata matawi na kuyalaza barabarani haisaidii sana usiku, kwa sababu jani haliakisi mwanga. Pembetatu za tahadhari ziwekwe mbali na gari, na ukanda wa kuakisi mwanga ubandikwe ubavuni na nyuma ya tela. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na tairi moja.

Gharama inaishia kwa nani

Msafirishaji aliyemgonga mtu katika nchi ya jirani anakutana na sheria asizozizoea. Gari hushikiliwa kwa uchunguzi, dereva huhojiwa, na mzigo wa transiti husimama huku bondi ya forodha ikiwa bado haijafungwa. Mwenye mzigo, ambaye hakuendesha kitu, anaanza kulipia ucheleweshaji.

Kwa ajili hiyo kuna Kadi ya Manjano ya COMESA, bima ya mtu wa tatu inayotambuliwa katika nchi nyingi za ukanda, zikiwamo Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia na Malawi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imo katika mpango huu. Kadi hiyo humlinda aliyegongwa kwa kiwango kinachotakiwa na sheria za nchi ilikotokea ajali. Mfanyabiashara anayekodi lori anashauriwa kuuliza kama kadi ipo na haijaisha muda, kabla mzigo haujapakiwa.

Kwa upande wa mchuuzi, mara nyingi hakuna anayemlipa. Familia nyingi za wachuuzi hazijui kwamba zina haki ya kudai kwa bima ya lori la kigeni, na zikijua, lori limekwishaondoka. Kuandika namba za kichwa na za tela, nchi lilikosajiliwa na namba ya kadi ya bima ni hatua ya kwanza ambayo chama cha wafanyabiashara wa soko kinaweza kuwafundisha wanachama wake.

Barabara yenyewe inaweza kubadilishwa

Ripoti ya WHO inasema asilimia 80 ya barabara zilizopimwa duniani hazifikii kiwango cha chini cha usalama kwa waenda kwa miguu, na ni asilimia 0.2 tu ya barabara zilizo na njia za baiskeli. Hali hiyo si majaliwa. Nchini Uholanzi, watu wapatao 3,300 walikufa barabarani mwaka 1971, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliandamana, na serikali ikaanza kutenga njia za baiskeli na kupunguza mwendo wa magari mitaani. Mwaka 2023 vifo vilikuwa chini ya 700, ingawa waendesha baiskeli ndio waliobaki kundi kubwa. Mjini Helsinki, Finland, mwaka 2019 ulipita bila mwenda kwa miguu hata mmoja kufa kwa ajali ya barabarani.

Mataifa yamejiwekea lengo la kupunguza vifo na majeraha ya barabarani kwa nusu kati ya 2021 na 2030. Njia za miguu, vivukio, matuta kabla ya masoko na maegesho ya malori nje ya mji ni kazi ya serikali. Lakini mikataba ya usafirishaji huandikwa na wafanyabiashara wenyewe. Mwenye mzigo anaweza kuandika ndani ya mkataba kwamba lori lisizidi kilomita 50 kwa saa penye makazi na kwamba lisitembee usiku wa manane. Mwenye gari anaweza kumlipa dereva kwa mzigo uliofika salama badala ya idadi ya safari, na kusoma kumbukumbu za kifaa cha kufuatilia gari, ambacho wengi wanacho tayari kwa ajili ya kuzuia wizi wa mafuta. Kifaa hicho hicho kinaonyesha lori lilipita sokoni kwa mwendo gani.